Barabara za Milimani na Magari-Nyumba katika Hifadhi za Taifa za Marekani: Historia ya Vipimo na Maamuzi

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia historia ya safari za magari katika hifadhi za taifa za milimani nchini Marekani, tangu magari yaliporuhusiwa kuingia mwanzoni mwa karne ya 20 hadi enzi ya gari-nyumba. Hoja yetu ni kwamba upana wa barabara, kimo cha handaki na ukali wa kona, mambo ambayo kwa kawaida huachiwa wahandisi, yalikuwa maamuzi ya kisera. Yaliamua nani atauona mlima, kwa chombo gani, na kwa gharama ya nani. Tunachambua hasa hifadhi za Glacier (Montana) na Denali (Alaska), tunapitia Shenandoah (Virginia), kisha tunatazama namna mkondo huo ulivyougusa ukanda wetu.

1.0 Utangulizi

Msafiri anayefika Glacier akiendesha gari-nyumba, yaani gari lenye kitanda, jiko, maji na choo ndani yake, hukabiliwa kwanza na kanuni ya vipimo. Chombo kinachozidi futi 21 (mita 6.4) kwa urefu, bampa zikiwemo, au futi 8 (mita 2.4) kwa upana, vioo vikiwemo, hakiruhusiwi kupita sehemu ya juu ya barabara iitwayo Going-to-the-Sun, kati ya Avalanche na Rising Sun. Magari-nyumba makubwa ya leo yana urefu wa mita 8 hadi 13. Kwa hiyo chombo kilichobuniwa mahsusi kwa ajili ya kuzuru milima hakiwezi kupanda mlima ule.

Kanuni hiyo yaweza kuonekana kuwa jambo la askari wa getini tu. Ukweli ni kwamba imebeba mabishano ya takribani karne nzima. Wanahistoria wa Marekani wamekwisha kuyaandika mabishano hayo kwa vipande. Mark Spence (1999) alionyesha jinsi wenyeji wa asili walivyoondolewa Yellowstone, Glacier na Yosemite ili hifadhi zipatikane. Paul Sutter (2002) alidai kwamba waasisi wa vuguvugu la kutetea pori asilia walisukumwa zaidi na hofu ya barabara na magari kuliko hofu ya migodi au mashoka. David Louter (2006), akichunguza hifadhi za jimbo la Washington, alieleza kwamba gari na hifadhi viliumbana. Watafiti hawa watatu husomwa mara nyingi kila mmoja peke yake. Sisi tunawasoma pamoja, tukitumia kipimo cha chombo kama uzi wa kuwaunganisha.

2.0 Gari laruhusiwa kuingia

Yellowstone ilipotangazwa kuwa hifadhi mwaka 1872 hapakuwa na gari la injini. Wageni walifika kwa farasi, na baadaye kwa reli, kisha wakazungushwa kwa magari ya kukokotwa. Kampuni za reli zilijenga hoteli, zikachapisha matangazo, na kwa jumla zikawa ndizo mlango wa kuingilia. Safari ya namna hiyo ilihitaji fedha nyingi na wiki kadhaa za mapumziko, vitu ambavyo mfanyakazi wa kawaida hakuwa navyo.

Mount Rainier ilianza kupokea magari kwa kibali mwaka 1908. Yosemite ilikuwa imeyapiga marufuku mwaka 1907, ikayaruhusu tena mwaka 1913. Yellowstone ilifungua milango yake kwa magari tarehe 1 Agosti 1915, na miaka miwili tu baadaye farasi wa kubeba abiria wakawa wameondolewa, nafasi yao ikachukuliwa na mabasi. Upinzani ulikuwepo. Mwaka 1912 James Bryce, balozi wa Uingereza mjini Washington, aliwaonya Wamarekani kwamba kuliingiza gari Yosemite ni sawa na kumkaribisha nyoka katika bustani ya Edeni. Onyo lake linakumbukwa hadi leo, lakini halikuzuia lolote. Gari la Ford Model T lililouzwa dola 850 mwaka 1908 lilishuka hadi chini ya dola 300 katikati ya miaka ya 1920, na mkulima wa Iowa akawa na uwezo wa kufika milimani bila kumwomba mwenye reli.

Hapa pana jambo ambalo wapinzani wa barabara, wa wakati ule na wa sasa, huelekea kulipuuza. Idara ya Hifadhi za Taifa iliundwa mwaka 1916, na mkurugenzi wake wa kwanza, Stephen Mather, alihitaji bajeti kutoka Bungeni. Bunge hutoa fedha pale wapiga kura wanapofika. Mather alilitaka gari kwa sababu lilileta wapiga kura. Uhifadhi wa Marekani, kama taasisi ya umma yenye fungu la fedha, ulisimama juu ya magurudumu, na ni vigumu kuona jinsi ambavyo ungesimama vinginevyo katika miaka ile.

3.0 Glacier: barabara moja, kona moja

Kabla ya barabara palikuwa na ardhi, na ardhi ilikuwa na wenyewe. Upande wa mashariki wa milima ya Glacier ulikuwa wa jamii ya Blackfeet. Kwa mkataba wa mwaka 1895, ulioidhinishwa na Bunge mwaka uliofuata, jamii hiyo, ikiwa katika dhiki kubwa baada ya nyati kutoweka, iliachia sehemu ya milima kwa dola milioni 1.5. Mkataba uliwahifadhia haki ya kuwinda, kuvua samaki na kukata miti humo maadamu ardhi ingebaki kuwa ya umma. Mmoja wa wajumbe waliotumwa na serikali kujadiliana nao alikuwa George Bird Grinnell, ambaye baadaye alikuwa miongoni mwa wapiganiaji wakuu wa kuanzishwa kwa hifadhi. Glacier ilipotangazwa mwaka 1910, serikali ilishikilia kwamba haki zile zimekoma. Wakati huohuo kampuni ya reli ya Great Northern ilitumia sura na mavazi ya Blackfeet katika matangazo yake ya kuvutia watalii. Watu waliozuiwa kuwinda mlimani waliajiriwa kuwalaki wageni stesheni.

Ujenzi wa barabara ya kuvuka mlima ulianza mwaka 1921. Mhandisi mkuu wa Idara, George Goodwin, alipendekeza njia iliyopanda bonde la Logan Creek kwa kona kali 15. Thomas Vint, msanifu mandhari kijana, aliupinga mpango huo. Alisema kona zile zingelichakaza bonde lote, na mgeni angeona barabara badala ya kuona mlima. Yeye alitaka njia ndefu iliyochongwa ubavuni mwa mwamba uitwao Garden Wall, yenye kona moja tu ya kugeuka. Njia yake ilikuwa ghali zaidi. Mather alipoitembelea Glacier mwaka 1924 alikubaliana na Vint, na Goodwin akaacha kazi mwaka uliofuata.

Upimaji ulifanywa mwaka 1924 na Frank Kittredge wa Idara ya Barabara za Umma. Wapimaji walipanda maelfu ya futi kila asubuhi ili tu kufika kazini, wakining'inia kwa kamba juu ya magenge. Wafanyakazi waliacha kazi kwa wingi kiasi kwamba katika miezi mitatu walioajiriwa upya walizidi mara tatu idadi ya kikosi. Mteremko uliwekewa ukomo wa asilimia 6. Handaki la mashariki, lenye urefu wa mita 124 hivi, lilichimbwa mahali ambapo mashine kubwa hazikuweza kufika. Handaki la magharibi lilitobolewa madirisha mawili yanayotazama bonde. Kuta za kingo zilijengwa kwa mawe yaliyochimbwa palepale ili zishabihiane na mwamba. Wafanyakazi watatu walipoteza maisha. Barabara ilizinduliwa tarehe 15 Julai 1933 kwenye njia ya kuvukia mlima ya Logan, mita 2,026 juu ya usawa wa bahari, na urefu wake wote ni kilomita 80 hivi.

Tusisitize hapa jambo la kipimo. Vint na wenzake walibuni barabara kwa ajili ya gari la familia la miaka ya 1920. Hilo halikuwa kosa, kwani hawakuwa na gari jingine la kulipimia. Lakini wakishachonga mwamba kwa kipimo hicho, walikuwa wamewaamulia wajukuu wao. Barabara ya tambarare hupanuliwa kwa kusogeza mitaro. Barabara ya Garden Wall ina mwamba upande mmoja na korongo upande wa pili, na kuipanua maana yake ni kulipua mlima au kubomoa kuta.

Baadaye likatokea lile ambalo hakuna aliyelikusudia. Mwaka 1985 barabara ilitambuliwa na wahandisi wa Marekani kuwa kumbukumbu ya kihistoria ya taaluma yao, na mwaka 1997 ikapewa hadhi ya alama ya kihistoria ya taifa. Kile kilichoingia mlimani kama uvamizi wa mashine kikawa nacho ni urithi unaolindwa. Tangu hapo anayetaka kuipanua barabara ili gari-nyumba lipite hapambani na sheria za mazingira peke yake, anapambana pia na sheria za mambo ya kale. Ndipo badala ya barabara kulifuata gari, gari likaamriwa kuifuata barabara.

Mwenye gari-nyumba kubwa huzunguka kwa barabara kuu namba 2, inayovuka safu ileile upande wa kusini kupitia Marias Pass, sambamba na reli ya zamani. Au huliacha gari lake kambini akapanda basi. Mabasi mekundu yaliyotengenezwa na White Motor Company kati ya 1936 na 1939 yangali yanafanya kazi. Yalisimamishwa mwaka 1999 kwa uchakavu, yakafanyiwa ukarabati mkubwa, yakarudi mwaka 2002.

4.0 Barabara ya umma, na umma uliobaguliwa

Dai la kwamba barabara iliufungulia umma milima linahitaji kupimwa kwa swali dogo: umma upi? Katika milima ya Blue Ridge, Virginia, barabara ya Skyline Drive yenye kilomita 169 ilikamilika mwaka 1939 ndani ya Hifadhi ya Shenandoah. Mamia ya familia za wakulima wa milimani zilihamishwa ili kuipisha hifadhi hiyo. Mwaka huohuo wa 1939 palifunguliwa Lewis Mountain, eneo la kambi, malazi na chakula lililotengwa kwa ajili ya wageni weusi, katika hifadhi ya serikali ya shirikisho iliyojengwa kwa kodi ya watu wote. Agizo la kukomesha utengano katika hifadhi lilitolewa mwaka 1945, na Shenandoah ilichukua miaka kadhaa zaidi kulitekeleza kikamilifu.

Msafiri mweusi wa enzi hiyo alibeba kitabu cha Victor Green, kilichoanza kuchapishwa mwaka 1936, ili ajue mahali atakapouziwa chakula au kupewa kitanda. Kwa mtazamo huo, gari lenye kitanda na jiko lake si anasa tu. Ni kinga dhidi ya mlango uliofungwa. Historia za gari-nyumba zilizoandikwa na wapenzi wake hazilitaji jambo hili ipasavyo. Mara nyingi huanza na matajiri, kama vile gari la kifahari la Pierce-Arrow la mwaka 1910, au kambi za Henry Ford, Thomas Edison na Harvey Firestone, waliosafiri pamoja kati ya 1915 na 1924 wakiwa na wapishi na waandishi wa habari nyuma yao.

Nalo handaki la Mary's Rock katika Skyline Drive lina kimo cha futi 12 na inchi 8 (mita 3.86). Waliolitoboa katika miaka ya 1930 hawakufikiria gari lenye kiyoyozi juu ya paa.

5.0 Mission 66 na ujio wa gari-nyumba

Baada ya Vita Kuu ya Pili hifadhi zilifurika. Bajeti ilikuwa imekatwa wakati wa vita, vyoo vilibomoka, na barabara zilichimbika. Mwaka 1953 mwandishi Bernard DeVoto alichapisha katika jarida la Harper's makala akipendekeza, kwa kejeli iliyokuwa na ukweli ndani yake, kwamba hifadhi zifungwe hadi Bunge litakapotoa fedha za kuzitunza. Mkurugenzi Conrad Wirth alijibu kwa mpango wa miaka kumi uliojulikana kama Mission 66, ulioanza mwaka 1956. Ulilenga kuziandaa hifadhi kupokea wageni milioni 80 kwa mwaka ifikapo 1966, na uligharimu takriban dola bilioni 1. Vikajengwa vituo vya wageni zaidi ya 100, maegesho, kambi na barabara zilizonyooshwa.

Mwaka mpango ulipomalizika ndio mwaka ambao Winnebago, kampuni ya mji mdogo wa Forest City, Iowa, iliyokuwa ikitengeneza trela, ilipoanza kuunda magari-nyumba kwa mfumo wa kiwanda cha kuunganisha. Bei yake ilikuwa takriban nusu ya bei ya washindani. Moja ya modeli zake za mwanzo, D-22, ilikuwa na urefu wa futi 22, yaani inazidi kwa futi moja tu ukomo unaotumika leo Glacier. Magari yaliendelea kurefuka. Mission 66 ilikuwa imejenga kwa ajili ya wingi wa magari, si kwa ajili ya ukubwa wake, na tofauti hiyo ndogo ya hesabu ilileta msongamano ambao hakuna maegesho mapya yaliyoweza kuumaliza.

Soko liliziba pengo nje ya malango. Kampuni ya kambi ya KOA ilianzishwa mwaka 1962 mjini Billings, Montana, kwenye njia ya wasafiri waliokuwa wakielekea kwenye maonyesho ya dunia ya Seattle. Nje ya hifadhi kukawa na umeme, maji na mabomba ya kumwagia majitaka. Ndani ya hifadhi huduma hizo zilibaki chache. Kambi za Glacier hazina umeme wa kuunganisha magari hadi leo, na Yellowstone inayo kambi moja tu ya namna hiyo, Fishing Bridge. Kwa maoni yetu uhaba huu ni sera iliyofaulu. Ulisukuma kwenda katika miji ya pembezoni mzigo ambao mlima usingeweza kuubeba, na pamoja na mzigo huo, mapato.

Mkondo wa kupinga nao ulikomaa. Wilderness Society, iliyoanzishwa mwaka 1935 na akina Robert Marshall na Aldo Leopold, ilifanikisha Sheria ya Pori Asilia ya mwaka 1964, inayokataza barabara na vyombo vya injini katika maeneo yaliyotengwa. Mwaka 1968 Edward Abbey, aliyewahi kuwa askari wa hifadhi, alitaka katika kitabu chake Desert Solitaire magari yasiingie hifadhini kabisa.

6.0 Denali: kufunga kabla ya mazoea

Barabara pekee ya Hifadhi ya Denali, wakati huo ikiitwa Mount McKinley, ilijengwa kati ya 1923 na 1938 na ina urefu wa kilomita 148. Kwa miongo kadhaa wageni walifika kwa reli na magari yalikuwa machache. Barabara kuu ya George Parks, inayounganisha Anchorage na Fairbanks na kupita mlangoni mwa hifadhi, ilipokaribia kukamilika, wasimamizi waliona kitakachotokea. Mwaka 1972 waliyazuia magari binafsi kupita kilomita 24 za kwanza na kuanzisha mabasi.

Uamuzi huo ulitangulia mazoea. Hapakuwa bado na mamilioni ya wapiga kura waliowahi kupeleka watoto wao kwa gari hadi Wonder Lake na ambao wangeona wamenyang'anywa haki. Gari-nyumba halikukataliwa moja kwa moja. Linaweza kufika kambi ya Teklanika, kilomita 47 ndani, kwa sharti kwamba mwenyewe akae usiku tatu au zaidi na aliendeshe mara moja kuingia na mara moja kutoka. Hili ni sharti la busara sana, kwa maana halihukumu chombo, linahukumu idadi ya safari.

Glacier, kwa kulinganisha, ilichelewa. Mwaka 2021 ilianza kudai tiketi za kuweka nafasi kwa magari katika msimu wa kilele, na malalamiko yalikuwa makali kwa sababu vizazi vitatu vilikwisha kuizoea barabara iliyo wazi. Ugumu wa kisiasa wa uamuzi uleule uliongezeka kadiri miaka ilivyopita.

Denali nayo haina kinga dhidi ya mlima wenyewe. Agosti 2021 barabara ilikatika karibu na kilomita ya 73, mahali paitwapo Pretty Rocks, ambapo udongo ulioganda unayeyuka na kuporomoka.

7.0 Mkondo huo katika ukanda wetu

Uhusiano wa historia hii na Afrika Mashariki na Kati ni wa kweli. Mfalme Albert wa Ubelgiji alizuru Marekani mwaka 1919 na kuziona hifadhi zake. Mwaka 1925 ilianzishwa Hifadhi ya Albert katika milima ya volkeno ya Kongo na Ruanda-Urundi, ambayo leo ni Virunga na Volcanoes. Wazo la Yellowstone lilifika milimani kwetu pamoja na lile la kuwaondoa wakazi. Mwaka 1959 wakazi wa Kimaasai walitolewa Serengeti, na mwaka 1991 Batwa walipoteza msitu wa Bwindi. Mwaka huo wa 1959 Wally Byam, mwasisi wa trela za Airstream, aliongoza msafara wa trela 41 kutoka Cape Town kuelekea Cairo. Wamarekani wale walikokota nyumba zao juu ya barabara za udongo kupitia ukanda huu, na picha zao zilitumika kuuza trela nyumbani.

Hata hivyo barabara zetu hifadhini zilizaliwa kwa sababu tofauti. Barabara ya Huye hadi Rusizi inayokata Nyungwe, na ile ya Tanzania kwenda Zambia inayokata Mikumi, ni njia za biashara. Gari kubwa tunalopaswa kulipima si nyumba ya mtalii, ni lori la mizigo. Dereva wa lori hakuja kuutazama mlima, na hawezi kuambiwa apande basi.

Juni 2014 Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki, katika shauri lililofunguliwa mwaka 2010 na shirika la African Network for Animal Welfare, iliamua kwamba kujenga barabara ya lami kukatiza kaskazini mwa Serengeti kungekiuka Mkataba wa Jumuiya. Kilichozuiwa ni barabara ya kiwango cha lami. Washauri wa sera watambue kwamba aina ya tabaka la juu ni kipimo kimoja tu miongoni mwa vingi. Upana, mteremko, uzito unaobebeka, saa za kupita na idadi ya safari kwa siku navyo huamua nani atapita, na vyote vinaweza kuandikwa katika mpango wa jumla wa hifadhi kabla mkandarasi hajapatikana. Uzoefu wa Denali unaonyesha thamani ya kuviandika mapema, na ule wa Glacier unaonyesha gharama ya kungoja. Mpango huo unapaswa kutaja pia, kwa majina ya vijiji, njia ambayo magari yaliyozuiwa yatazungukia, nani anaimiliki ardhi ya njia hiyo, na nani atatoza ushuru. Huko Montana, gari-nyumba linalozuiwa Going-to-the-Sun huishia kuvuka ardhi iliyobaki ya Blackfeet, na humo anayetaka kuvua samaki ni lazima apate kibali kutoka kwa Blackfeet wenyewe.